Somo la 8: Kicheko Kinachoishia kwenye Ganzi

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 2:7, 21, Ayubu 27:3, 4, Mithali 14:12, 13, Mithali 23:29–35, Danieli 1:8–16, Yohana 9:1–3, Matendo 3:1–10, 1 Wakorintho 6:12, 19, 20, Wagalatia 6:1, 2.

Fungu la Kukariri: Mithali 14:13. Darasa zima lisome fungu hili kwa sauti kutoka katika Biblia, kisha kila mmoja alikariri katika juma hili.

Asubuhi, kando ya barabara itokayo Kakonko kwenda Kibondo hadi Kasulu, petroli hupangwa juu ya meza za mbao katika chupa za maji, ikisubiri bodaboda. Hatua chache mbele, fundi viatu ameketi na kopo lake la gundi. Petroli na gundi ni riziki za watu. Lakini katika miji mingi ya Afrika Mashariki watoto wa mitaani wamejifunza kuvivuta puani ili wasahau njaa na baridi. Na katika nchi tajiri, vijana wasio na njaa wala baridi huvuta gesi kutoka kwenye maputo, wakacheka dakika moja, na baada ya miezi wengine wao hawawezi kutembea.

Gesi hiyo huitwa naitrasi oksaidi, au gesi ya kuchekesha. Juma hili tutajifunza inavyoharibu mishipa ya fahamu, na kwa nini jambo lililo mbali hivyo linamhusu Mwadventista wa nyanda za juu za Kigoma. Tutaona pia kwamba madhara yanayofanana na hayo yanaweza kumpata hata mtu asiyevuta kitu chochote, aketiye nasi mezani akila ugali na maharage.

*Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya kujiandaa na Sabato ijayo.*

JUMAPILI
Pumzi Iliyotoka kwa Mungu

Soma Mwanzo 2:7 na Ayubu 27:3, 4. Uhai wa mtu ulianzia wapi? Ayubu aliahidi kuitumiaje pumzi aliyopewa?

Mwanzo haisemi kwamba mtu alipewa nafsi ikawekwa ndani ya mwili kama maji katika mtungi. Inasema kwamba mavumbi yalipokutana na pumzi ya Mungu, mtu akawa nafsi hai. Mwili, akili na roho vimefungamana. Kinachoingia puani hakiishii puani. Kinamgusa mtu mzima, pamoja na uwezo wake wa kuchagua na kuabudu.

Hata umbo la mwili linathibitisha jambo hili. Chakula hupita tumboni, kisha kwenye ini, ambako sumu nyingi huchujwa. Kitu kilichovutwa hakipiti njia hiyo ndefu. Kutoka kwenye mapafu huingia katika damu, na ndani ya sekunde chache kimefika kwenye ubongo. Hakuna njia iliyo fupi kuliko pumzi kuifikia akili ya mtu. Mungu aliifanya iwe fupi kwa ajili ya uhai, nasi twaweza kuigeuza iwe njia fupi ya uharibifu.

Gundi ya viatu na petroli ni viyeyusho. Huyeyusha mafuta, na ubongo pamoja na mishipa ya fahamu vina mafuta mengi. Toluini, iliyomo katika gundi nyingi, ikivutwa kwa muda mrefu huharibu sehemu nyeupe ya ubongo. Kumbukumbu hupungua, mikono hutetemeka, mwendo huyumba. Heksani, iliyomo katika baadhi ya gundi, huharibu mishipa ya miguu na mikono. Huko Japani na Italia waliougua kwa heksani walikuwa mafundi wa viatu, watu wa kazi halali, waliovuta hewa ya gundi siku nzima katika vyumba vilivyofungwa. Na anayevuta kwa kusudi la kulewa aweza kufa siku ya kwanza kabisa, kwa sababu mvuke huo unaweza kuvuruga mapigo ya moyo ghafula.

Kwa hiyo ujumbe wa afya una neno kwa fundi kama ulivyo na neno kwa mlevi. Fundi viatu afanye kazi yake mahali penye hewa. Muuza petroli asiivute kwa mpira kwa kutumia mdomo. Mzazi asiweke chupa ya petroli karibu na mtoto.

Ayubu alisema nini kuhusu midomo yake maadamu pumzi ingalimo ndani yake? Wewe umeitumiaje pumzi yako leo?

JUMATATU
Kicheko cha Kununua

Soma Mithali 14:12, 13 na 1 Wakorintho 6:12. Sulemani aliona nini ndani ya kicheko? Paulo alijiwekea kipimo gani kwa mambo yaliyo halali?

Naitrasi oksaidi ilitambuliwa na Mwingereza Joseph Priestley mwaka 1772. Mwaka 1799, katika mji wa Bristol, kijana mwanasayansi Humphry Davy alianza kuivuta yeye mwenyewe na kuwavutisha rafiki zake. Aliona kwamba inaleta furaha ya ghafula, akaona pia kwamba inaondoa maumivu, hata akaandika kwamba huenda ingefaa katika upasuaji. Lakini kwa zaidi ya miaka 40 watu waliendelea kuitumia kama mchezo. Walilipa kiingilio, wakavuta, wakacheka na kuanguka mbele ya watazamaji, huku katika hospitali za miji ileile wagonjwa wakikatwa miguu bila ganzi.

Tarehe 10 Desemba 1844, huko Hartford nchini Marekani, daktari wa meno Horace Wells alikuwa miongoni mwa watazamaji. Alimwona mtu aliyevuta gesi akijiumiza mguu vibaya bila kuhisi chochote. Kesho yake Wells alivuta gesi hiyo, akang'olewa jino lake mwenyewe bila maumivu. Hapo ndipo mchezo ulipoanza kuwa tiba.

Mwanzo 2:21 inatuonyesha kwamba Mungu mwenyewe alimtia Adamu usingizi mzito kabla ya kutwaa ubavu wake. Nusukaputi si adui wa imani. Hadi leo naitrasi oksaidi hutumika hospitalini, ikichanganywa na oksijeni, kwa muda mfupi, chini ya macho ya mtaalamu. Mwadventista akiambiwa na daktari kwamba atapewa gesi hii katika upasuaji, asiogope wala asidhani ametenda dhambi.

Lakini kisa cha Wells hakikuishia hapo. Baada ya miaka michache alianza kujijaribia klorofomu. Mwezi Januari 1848, huko New York, akili yake ilivurugika, akawarushia watu tindikali barabarani, akakamatwa, na gerezani akajiua. Alikuwa na miaka 33. Mtu aliyeitafutia dunia njia ya kuondoa maumivu aliangamizwa na kitu alichokivuta mwenyewe. Elimu yake haikumlinda, wala nia yake njema.

Siku hizi gesi hii huuzwa katika vichupa vidogo vya chuma vya kutengenezea krimu ya keki, na hata katika mitungi mikubwa. Vijana huijaza katika maputo na kuivuta. Raha yake hudumu dakika moja au mbili tu, ndiyo maana mtu hurudia tena na tena usiku mmoja. Uholanzi iliipiga marufuku kwa matumizi ya starehe kuanzia tarehe 1 Januari 2023. Uingereza ilifuata tarehe 8 Novemba 2023, na anayekutwa nayo kwa kusudi hilo aweza kufungwa hadi miaka 2. Mwaka 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wananchi wasivute bidhaa hizo.

Je, haya yanatuhusu? Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996, na tangu hapo familia nyingi za Kikongo zimetoka humo kwenda kuishi Marekani na nchi nyingine. Wapo washiriki walioimba nasi kwaya moja ambao watoto wao sasa wanasoma katika miji ambako mitungi hii huuzwa madukani. Na simu huleta kila mchezo wa dunia hadi kijijini kabla ya onyo lake kufika.

Sulemani hakatazi kucheka. Anatuambia kwamba kuna kicheko ambacho moyo uliokibeba una huzuni, na mwisho wake ni maumivu. Anayenunua kicheko mara nyingi anaficha kilio. Ukitaka kumsaidia, utafute kilio hicho.

Ni kitu gani kilicho halali mikononi mwako ambacho kimeanza kukutawala?

JUMANNE
Aliyepigwa Asihisi

Soma Mithali 23:29–35. Mlevi wa fungu la 35 anasema nini kuhusu mapigo aliyopata? Anapanga kufanya nini akiamka?

Mtu huyu amepigwa, naye hana habari. Mwili umeumia, lakini mjumbe wa kuleta taarifa ya maumivu amenyamazishwa. Na jambo la kwanza analolitaka akiamka ni kukitafuta tena kile kilichomnyamazisha. Sulemani alikuwa anazungumza juu ya mvinyo, lakini picha hii inamfaa sana anayevuta gesi ya kuchekesha.

Mishipa ya fahamu inafanana na waya wa umeme. Ndani una kiini kinachopeleka taarifa. Nje umefunikwa na utando wenye mafuta uitwao mayelini. Waya ukichubuka, umeme hupotea njiani na taa hufifia. Ili mwili uutunze utando huo, unahitaji vitamini B12. Katikati ya kila chembe ya vitamini hii pana madini ya kobalti. Naitrasi oksaidi huibadilisha kobalti hiyo, na vitamini ikabaki katika damu kama ufunguo uliovunjika meno: unaonekana ni ufunguo, lakini haufungui mlango.

Sehemu inayoumia zaidi ni mishipa iliyo ndani ya uti wa mgongo, hasa ile inayouambia ubongo miguu iko wapi. Dalili huanza polepole. Vidole vya miguu vinakuwa na ganzi na kuwashwa kama kuchomwa sindano; kisha mikono. Mgonjwa anahisi kama anakanyaga pamba. Anavaa ndapala, moja inavuka asijue. Gizani anaanguka, kwa maana macho yalikuwa yakifanya kazi ya miguu. Akiinama kunawa uso anayumba. Na wakati kanisa limesimama, limefumba macho kwa maombi, yeye hushika benchi. Baadaye miguu hukosa nguvu, mkojo hushindwa kuzuilika, na wengine husahau sana au kuchanganyikiwa akili.

Madaktari hawakuyajua haya kwa siku moja. Mwaka 1956, huko Copenhagen, wagonjwa wa pepopunda waliopewa gesi hii kwa siku nyingi mfululizo walionekana wameacha kutengeneza damu vizuri. Mwaka 1978 daktari wa Marekani aliandika juu ya wagonjwa 15 wenye miguu ya ganzi na mwendo wa kuyumba. Wengi wao walikuwa madaktari wa meno, na wengi walikuwa wakiivuta kwa starehe gesi iliyowekwa kliniki kwa ajili ya wagonjwa wao. Leo hospitali za miji mikubwa ya Ulaya hupokea vijana wenye miaka 20 hivi wakiwa na ugonjwa huohuo.

Kuna jambo moja ambalo kila mzazi na kila mhudumu wa afya anapaswa kulijua. Kipimo cha kawaida cha B12 katika damu kinaweza kutoa jibu zuri, kwa sababu vitamini ipo ingawa haifanyi kazi. Vipo vipimo vingine vya damu vinavyoweza kufichua tatizo, lakini havipatikani kila mahali. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya ugonjwa huu ni ukweli. Mgonjwa asiposema alichokivuta, daktari aweza kutafuta kwa miezi. Hapa tunakumbuka tena midomo ya Ayubu.

Tiba ipo. Kwanza ni kuacha kabisa, kwa sababu sindano za B12 hazishindi gesi inayoendelea kuvutwa. Pili ni sindano za B12, kama daktari atakavyoagiza. Tatu ni mazoezi ya kutembea. Wengi hupata nafuu katika miezi inayofuata. Wengine hubaki na udhaifu maisha yao yote. Anayewahi hupona vizuri kuliko anayechelewa.

Kwa nini ni hatari kutohisi maumivu? Je, dhamiri nayo yaweza kuwa na ganzi?

JUMATANO
Danieli, Maharage na Vitamini B12

Soma Danieli 1:8–16. Danieli aliomba nini, na aliombaje? Msimamizi aliruhusiwa kukagua nini baada ya siku kumi?

Danieli alichagua chakula rahisi cha mimea na maji. Hakumdharau msimamizi, alimwomba kwa adabu, akamwambia apime kisha aamue kwa kuangalia matokeo. Imani yake haikuogopa kupimwa. Leo na sisi tukubali kupimwa.

Tumeona kwamba gesi ya kuchekesha inaharibu mishipa kwa kuiua vitamini B12. Mtu ambaye mwili wake umekosa vitamini hiyo kwa sababu ya chakula aweza kupata ugonjwa uleule wa uti wa mgongo, bila kuvuta chochote. Na mimea haituletei vitamini hii. Maharage hayana. Mchicha hauna. Muhogo, mahindi, ndizi, karanga na parachichi havina. B12 hutengenezwa na bakteria, nasi huipata katika nyama, samaki, mayai na maziwa, au katika vyakula vilivyoongezewa na katika vidonge.

Je, hii inavunja ujumbe wa afya? Hapana. Chakula cha mimea kimewapa Waadventista wengi maisha marefu na mioyo yenye afya. Lakini mpango mzuri unahitaji kukamilishwa. Anayekula mimea pamoja na maziwa na mayai kila mara hupata msaada. Anayekula mimea peke yake anahitaji kidonge cha B12 au chakula kilichoongezewa, na wataalamu wa lishe wa kanisa wanalisema hili waziwazi. Mtu mzima huhitaji takribani mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Kiasi hicho hakionekani kwa macho, lakini bila hicho mtu hupoteza miguu.

Zaidi ya hayo, katika nyumba zetu wengi hawali nyama kwa sababu hawana fedha, wala hawakuwahi kuamua hivyo kwa imani. Ugali wa muhogo na maharage, juma kwa juma, hushibisha tumbo, na ini hutumia akiba yake ya B12 ambayo yaweza kudumu miaka. Akiba hiyo ikiisha, dalili huanza taratibu, na watu husema ni uzee. Walio hatarini zaidi ni wazee, wenye matatizo ya tumbo, wanaotumia metformini kwa ajili ya kisukari kwa miaka mingi, na wanawake wanaonyonyesha ambao hawapati chakula kitokacho kwa wanyama. Mtoto anayenyonya kwa mama aliyepungukiwa aweza kudhoofika ubongo wakati mama mwenyewe bado anatembea vizuri.

Dagaa wachache wa Ziwa Tanganyika, samaki safi wenye magamba na mapezi wa Muyovozi, yai la kuku wa nyumbani, kikombe cha maziwa: hivi ni vitu vidogo vyenye ulinzi mkubwa. Dada wa Dorkasi anayempelekea mjane mayai anaweza kuwa anautunza uti wa mgongo wake.

Neno la tahadhari kwa waelekezi wa afya. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mama mjamzito ni muhimu, visiachwe. Lakini mtu mwenye ganzi miguuni asijitibu kwa asidi ya foliki peke yake, kwa sababu damu yaweza kuonekana imepona huku mishipa ikiendelea kuharibika. Tena, mtu aliyepungukiwa B12 aweza kuumizwa na gesi hii hata akipewa mara moja tu kwa upasuaji halali. Kwa hiyo, ukienda kufanyiwa upasuaji, mweleze daktari aina ya chakula unachokula.

Nani katika kundi lenu anapaswa kuulizwa juma hili, "Unakula nini?", bila kumhukumu?

ALHAMISI
Ni Nani Aliyetenda Dhambi?

Soma Yohana 9:1–3, Wagalatia 6:1, 2 na Matendo 3:1–10. Wanafunzi walitaka kujua nini walipomwona kipofu? Yesu aliligeuzaje swali lao?

Tukijifunza somo kama hili, kuna kishawishi cha kumtazama kila mwenye miguu dhaifu na kujiuliza alivuta nini. Tujihadhari. Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, watu, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu ghafula. Hawakuwa wamelewa. Walikuwa wamekula muhogo mchungu ambao haukulowekwa na kukaushwa vya kutosha, bila kitoweo cha kuusaidia mwili kuondoa sumu yake. Ugonjwa huo huitwa konzo. Walipooza kwa sababu ya njaa. Miguu huweza kudhoofika pia kwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, kwa kisukari na kwa magonjwa mengine mengi. Kipimo ni kazi ya hospitali. Kazi ya kanisa ni kumfikisha mtu huko.

Na kama kweli mtu alivuta? Wagalatia 6 inatuambia tumrejeze kwa upole, huku kila mmoja akijiangalia mwenyewe. Hebu tufikirie mfano. Kijana amerudi kijijini kutoka mjini. Sabato, watu wanaposimama kuomba, yeye anaketi. Baada ya ibada shangazi yake anamwita kando.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekaa wenzako wakiomba?"

"Miguu, shangazi. Nikifumba macho, naona kama sakafu inahama."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

Shangazi ananyamaza kidogo. "Huko mjini, kuna kitu mlikuwa mnavuta?"

Kijana anatazama chini.

"Sikuulizi ili nikakuseme kwa wazee wa kanisa. Nakuuliza kwa sababu daktari atakuuliza, na ukimficha yeye, utajiumiza mwenyewe. Kesho asubuhi tunakwenda wote. Nauli ninayo."

Angalia alivyofanya shangazi. Aliona dalili, kwa sababu alikuwa anamwangalia kijana na siyo nguo zake. Aliuliza swali gumu faraghani. Hakuifanya dhambi kuwa ndogo, wala hakuitangaza. Na akajitolea kwenda naye. Mtu mwenye miguu ya ganzi hahitaji kuambiwa tu njia ya hospitali. Anahitaji mkono wa kushika.

Petro alifanya vivyo hivyo kwenye mlango wa hekalu. Alimwamuru yule kiwete kwa jina la Yesu, kisha akamshika mkono wa kuume na kumwinua. Luka anataja nyayo na vifundo vya miguu, kana kwamba anataka tujue kwamba wokovu ulifika hadi huko chini. Na mtu yule aliingia hekaluni akirukaruka na kumsifu Mungu. Furaha yake haikununuliwa, wala haikuisha baada ya dakika moja.

Tukiri pia kwamba si kila tunayemwombea hutembea tena kama zamani. Kijana aliyeacha gesi aweza kubaki na fimbo. Kanisa lisimwone kama onyo linalotembea. Ni ndugu. Kama benchi la mbele limewekwa kwa ajili ya wazee wa heshima, na liwepo pia benchi ambalo mtu aweza kulishika wakati wa maombi bila kuona aibu.

Ungekuwa wewe ndiwe shangazi, ni neno gani ungeogopa kulisema? Kwa nini?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma tena 1 Wakorintho 6:19, 20 pamoja na Zaburi 16:11. Paulo anasema mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na kwamba tulinunuliwa kwa thamani. Mara nyingi tunalitumia fungu hili kama fimbo: usivute, usinywe, usile. Lakini lisome kama mtu aliyeambiwa bei yake. Kijana anayejiona hana thamani, aliyekosa kazi, aliyeachwa na wazazi, hatakiacha kichupa kwa sababu tu amekatazwa. Ataanza kukiacha siku atakayoamini kwamba yuko aliyemlipia gharama kubwa, na siku atakayoliona jambo hilo katika nyuso za watu wa kanisa lake.

Zaburi 16 inaonyesha mahali furaha kamili ilipo: mbele za uso wa Mungu. Hatumtoi kijana kwenye furaha na kumpeleka kwenye huzuni ya dini. Tunamtoa kwenye kicheko cha dakika moja na kumpeleka kwenye furaha isiyo na ganzi. Kama Sabato zetu hazina furaha, tutubu kwanza sisi.

Maswali ya Kujadili:

1. Gundi, petroli na naitrasi oksaidi vyote vina matumizi halali. Tofauti kati ya matumizi halali na matumizi mabaya iko wapi: katika kitu chenyewe, katika kiasi, au katika kusudi? Tumieni 1 Wakorintho 6:12 kujibu.

2. Mfalme wa Babeli alimlisha Danieli ili amfanye wake. Leo ni nani wanaowapa vijana wetu kitu cha kuwafurahisha ili wawe wao? Simu ina nafasi gani?

3. Jadilini hali ya chakula katika kundi lenu. Nani hali kabisa chakula kitokacho kwa wanyama, kwa imani au kwa umaskini? Idara ya Afya na Dorkasi zinaweza kufanya nini kabla robo hii haijaisha?

4. Mshiriki mmoja anasema, "Aliyejiharibu kwa kuvuta avune alichopanda, fedha za kanisa zisaidie wagonjwa wasio na hatia." Mtamjibuje? Linganisheni Wagalatia 6:7 na Wagalatia 6:1, 2. Mbona mafungu hayo yako katika sura moja?

5. Mtu akianza kuhisi ganzi miguuni leo, katika kijiji chenu, angemwambia nani kwanza? Kama jibu si "mtu wa kanisa", tujiulize sababu.

Muhtasari: Pumzi ni zawadi ya Mungu na ndiyo njia fupi zaidi kuifikia akili. Gesi ya kuchekesha, pamoja na gundi na petroli, hutumia njia hiyo kuharibu mishipa ya fahamu. Gesi hufanya hivyo kwa kuiua vitamini B12, vitamini ambayo pia hukosekana katika chakula cha mimea pekee. Mkristo huilinda pumzi yake, huikamilisha meza yake, husema ukweli kwa daktari, na humshika mkono aliyeanguka.